Dakika za Adhabu

Mbio za East African Safari za mwaka 1968 zilianza na magari 93. Yaliyomaliza ni saba. Mengine 86 yaliishia njiani: haya yamezama kwenye tope, yale yamevunjika ekseli, mengine yamepinduka, mengine yamechelewa kupita kiasi hadi yakaondolewa mashindanoni. Miaka mitano kabla yake, 1963, hali ilikuwa hivyohivyo: yalianza magari 84, yakafika saba. Na mara zote mbili aliyewatangulia hao saba alikuwa mtu yuleyule, Nick Nowicki, akiwa na mwelekezi wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404.

Watu wazima wa Bukoba wanaoikumbuka Pijo 404 hawahitaji maelezo. Lilikuwa gari la mtumishi wa serikali, gari la teksi, gari la kupakia watu na mizigo mpaka linakaa kitako. Mbio halikuwa nazo za kutisha. Lilikuwa na ugumu.

Nimezileta tarakimu hizi kwa ajili ya vijana wetu wa bodaboda hapa Ijuganyondo. Kila Safari inapokimbizwa Naivasha, simu zao hujaa vipande vya video: gari linaruka tuta, vumbi linapanda, pundamilia wanatawanyika. Kijana akitazama kipande cha nusu dakika anaondoka na somo moja tu, kwamba bingwa ni yule asiyeachia mafuta. Somo hilo si la kweli. Halikuwa kweli mwaka 1953 Safari ilipoanza, na halijawa kweli hadi leo.

Kijana ninayemsimulia si mtu mmoja. Nimemkusanya kutoka vijiwe vya Ijuganyondo, Rwamishenye na Kashai, na akina mama wa Muleba wakimsikia watasema wanaye wa kwao. Pikipiki yake ni ya mkataba. Tairi la nyuma limekuwa kipara, lakini kwenye tangi amebandika stika ya rali. Asubuhi mvua imenyesha tangu alfajiri, yeye amepakia mama wa makamo anayewahi sokoni, na nyuma ya mama umefungwa mkungu wa ndizi kwa mpira wa tairi. Wanateremka. Mama anamgonga begani: “Waitu mwanangu, punguza mwendo.” Kijana anacheka: “Usiogope Ma, hapa unaendeshwa na Safari Rally.”

Mbele kuna kona. Anayetoka hapa kwetu anazijua kona hizi. Barabara inapita katikati ya vibanja, migomba imeiegemea kutoka pande zote mbili, majani yameshuka hadi kwenye mtaro. Ukiwa kwenye rweya unamwona mtu akiwa mbali. Ukiwa kati ya vibanja humwoni mpaka umfikie. Mtoto anayetumwa maji hatokei barabarani kidogo kidogo. Anatoka kwenye migomba, na hatua yake ya pili tayari ipo mbele ya tairi lako.

Nimwache hapo kwenye mteremko, nieleze kwanza hao anaojifananisha nao walikuwa watu gani.

Safari ilianzishwa mwaka 1953, kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi ambazo wakati huo zilikuwa chini ya bendera moja. Baadaye ikahamishiwa Pasaka, yaani katikati ya masika. Waandaaji walijua wanachokifanya. Walitaka tope, na tope walilipata. Njia ilikuwa ndefu, kilomita elfu kadhaa, mchana na usiku, kutoka vumbi la nyika hadi utelezi wa milimani. Magari hayakuondoka pamoja kama farasi. Kila moja lilitoka kwa zamu yake, na adui wa kila dereva alikuwa saa. Kituoni ulitakiwa kufika kwa muda uliopangwa. Ukichelewa, unaandikiwa dakika za adhabu. Mwisho wa mbio aliye na adhabu ndogo ndiye mshindi.

Zingatieni hesabu hiyo. Mshindi hakuwa mtu asiyechelewa. Mshindi mwenyewe alifika akiwa na dakika zake za adhabu, wakati mwingine nyingi za kutia aibu. Ila alifika. Kuchelewa kuliandikwa na kukaisha. Kuvunja gari hakukuwa na pa kuandikwa.

Kampuni kubwa za Ulaya zilichukua muda mrefu kulielewa hilo. Zilileta madereva waliotamba kwenye theluji ya Skandinavia na milima ya Alpi, magari mapya, mafundi wa kila aina na vipuri vya kujaza ghala. Tangu 1953 hadi 1971 hakuna dereva kutoka ng’ambo aliyeondoka na ushindi. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, na gari la Ford Escort. Karibu miaka ishirini yote hiyo walioshinda ni wakazi wa huku, watu waliojua kwamba daraja hili likifurika hulivuki kwa ushujaa, unazima gari na kusubiri maji yapungue.

Sisi Watanzania tuna wetu kwenye orodha hiyo, ingawa sijui ni wangapi wanaomkumbuka. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, pamoja na Chris Rothwell. Gari? Peugeot 404 tena.

Kisha kuna Joginder Singh. Huyu alizaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa fundi magari, na yeye mwenyewe alianzia kwenye spana kabla ya usukani. Mwaka 1965 alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant, wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine kwenye mashindano, si gari lililotoka dukani na harufu yake. Aliwaacha waliomfuata kwa zaidi ya saa nzima. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo mbili akiwa na Mitsubishi Lancer. Watu walimpa majina ya kurukaruka na kupaa angani, na majina hayo ndiyo yanayowapotosha vijana. Sifa yake kubwa ilikuwa nyingine kabisa: aliingia Safari mara 22 na kuimaliza mara 19. Ziwekeni hizo 19 pembeni ya yale magari 86 yaliyobaki njiani mwaka 1968, ndipo mtaelewa mtu huyo alikuwa akifanya nini ndani ya gari. Alikuwa akilisikiliza. Fundi anajua mlio wa bushi iliyoanza kulegea kabla haijavunjika, na akiusikia anaachia mafuta, hata kama nyuma yake kuna mtu anayemkaribia.

Mwaka huohuo wa 1974 Björn Waldegård wa Sweden aliongoza Safari akiwa na Porsche 911, gari la kasi kuliko Lancer ya Joginder kwa namna yoyote utakayopima. Kifaa cha kushikilia gurudumu la nyuma kikavunjika. Akamaliza wa pili. Porsche walirudi na kurudi; nafasi ya pili waliipata 1972, 1974 na 1978, ya kwanza hawakuigusa. Waldegård mwenyewe alijifunza. Alishinda Safari mara nne baadaye, ya mwisho mwaka 1990.

Wa kustaajabisha zaidi kwangu ni Shekhar Mehta. Familia yake ilikuwa Uganda mpaka Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Sisi wa Kagera Amin huyo hatuhitaji kutambulishwa. Mehta akahamia Kenya, na mwaka uliofuata, 1973, mwaka ambao Safari ilianza kuhesabiwa kwenye ubingwa wa dunia, akamaliza akiwa na adhabu sawasawa na Harry Källström wa Sweden. Maelfu ya kilomita, tope, usiku, na bado wakalingana. Kanuni ya kutenganisha sare ikampa Mehta ushindi. Kisha akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano kwa jumla. Magari yake mengi yalikuwa Datsun za kawaida kwa sura, za aina ambayo mwalimu mkuu angeweza kuwa nayo.

Mtu atasema hayo ni ya zamani, magari ya sasa ni mengine. Basi tazameni mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Thierry Neuville wa Ubelgiji aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika nzima. Kwenye rali za siku hizi, ambako watu huachana kwa sekunde, dakika nzima ni mali. Asubuhi ile shokapu ya nyuma ikavunjika, akatoka. Sébastien Ogier wa Ufaransa akachukua kombe. Kalle Rovanperä, kijana wa Finland ambaye stika za jina lake nimeziona hata huku, mwaka huo huo alinasa kwenye mchanga laini wa Kedong. Mwaka uliofuata alirudi akiwa na adabu na ule mchanga, akashinda.

Hadi hapo nimezungumzia vyuma. Kijana wetu bado yuko kwenye mteremko na mama wa watu mgongoni, na kitakachomkuta kwenye kona hakihusiani na ekseli.

Safari ya zamani ilikimbizwa kwenye barabara zilizo wazi. Hazikufungwa. Basi la abiria lilikuwa linaendelea na safari yake, ng’ombe wakivuka, watoto wakitoka shule, na gari la rali likija. Madereva waliipita njia kabla ya mbio, wakaandika kila kona na kila korongo, na siku ya mbio mwelekezi akawa anasoma. Lakini daftari linajua kona tu. Halijui kama leo kwenye kona hiyo kuna mbuzi. Ndiyo maana timu kubwa zilifikia hatua ya kurusha helikopta juu ya gari, mtu wa angani akiangalia mbele na kumwambia dereva kwa redio: kuna lori, kuna mifugo, kuna watu. Magari yalifungwa vyuma vizito mbele na taa kubwa. Hata hivyo ilionekana haitoshi. Safari iliyorudi 2021 si ile ya nchi nzima. Inakimbizwa kuzunguka Naivasha, sehemu za mbio ni zile zilizofungwa, nyingi ndani ya mashamba na hifadhi, na mtazamaji anaelekezwa mahali pa kusimama. Dereva bora wa dunia haruhusiwi tena kukimbia mahali ambapo mtoto anaweza kutokea.

Ulaya waliifikia hatua hiyo kwa gharama kubwa. Italia walikuwa na mbio za Mille Miglia, kutoka Brescia kwenda Roma na kurudi, kama kilomita 1,600 za barabara za kawaida, katikati ya miji na vijiji, watu wamejipanga kando wakishangilia. Mei 12, 1957, Alfonso de Portago, mwana wa ukoo wa kikabaila wa Hispania, umri wake miaka 28, alikuwa akielekea mwisho wa mbio na Ferrari. Inasimuliwa kwamba mafundi waliona tairi halikuwa sawa wakataka kulibadilisha, naye akakataa kupoteza muda. Karibu na kijiji cha Guidizzolo, kwenye barabara iliyonyooka kabisa, tairi likapasuka. Gari likaacha njia na kuingia kwa watu. Alikufa yeye, akafa mwenzake Edmund Nelson, wakafa watazamaji tisa. Watano kati ya hao tisa walikuwa watoto.

Enzo Ferrari alishitakiwa, na kesi ikakaa hadi 1961 alipoachiwa huru. Mille Miglia ya kasi haikukimbizwa tena. Miaka miwili kabla ya Guidizzolo, Juni 1955, gari la Mercedes lilikuwa limerukia watazamaji huko Le Mans, Ufaransa, na kuua zaidi ya watu 80. Uswisi ikapiga marufuku mbio za magari za mzunguko kwa miongo mingi.

Kisa cha Guidizzolo nakitaja kwa sababu ya lile tairi. Kubadilisha tairi kungechukua dakika chache. De Portago alikuwa na fedha, jina, timu na mafundi waliosimama tayari na jeki mkononi. Alichokosa ni radhi ya kuandikiwa dakika za adhabu.

Sasa kijana wa Ijuganyondo. Helikopta hana. Mwelekezi hana, aliye mgongoni kwake ni abiria, na akisema punguza mwendo anachekwa. Kofia ngumu ya abiria imetundikwa kwenye kioo, au imebaki kijiweni kwa sababu wateja wanasema inanuka. Alicho nacho kuwashinda madereva wote niliowataja ni kuijua njia. Yeye hupita hapo kila siku. Anajua shimo liko wapi na utelezi unaanzia kwenye mti gani. Lakini kujua huko ni kwa daftari tu. Kona ni ileile jana na leo, mtoto wa leo hakuwepo jana. Nimewasikia trafiki wakisema wanaoanguka si wageni wa njia, na siwezi kuwapinga.

Simwambii kwamba akifuata kibao cha 50 atakuwa salama. Kwenye tope la Aprili, na tairi kipara, na mkungu unaovuta nyuma, hata 30 ni nyingi. Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili inabeba fungu lake kubwa. Hakuna kibao cha serikali kinachobadilika mvua ikinyesha. Anayeweza kukibadilisha ni mkono ulioshika mafuta.

Na hapa ndipo ninapokataa kumbebesha kijana lawama zote, kama inavyofanywa kwenye mikutano ya kata. Wanasimama watu, wanasema vijana ni wakaidi, wanavuta bangi, wanapakia mishikaki, mkutano unafungwa. Hakuna anayeuliza kijana anakimbilia wapi. Anakimbilia hesabu. Mwenye pikipiki anataka fedha yake jioni, iwe jua iwe mvua, kiasi kilekile. Siku ya mvua abiria ni wachache, njia ni mbaya, mafuta yanaliwa zaidi kwa gia ndogo, na hesabu haijapungua hata shilingi. Kijana anapiga mahesabu yake: akitulia, atapeleka pungufu, akipeleka pungufu mara mbili tatu, pikipiki inanyang’anywa na kupewa mwingine, na miezi yote aliyolipia mkataba imepotea. Safari Rally ilikuwa na huruma kuliko huyo bosi. Ilimwandikia mtu dakika zake na kumwacha aendelee. Kwenye mkataba wetu hakuna mahali pa kuandika dakika za adhabu. Kuna kufika au kunyang’anywa.

Ndiyo maana yeye hakupunguza mwendo pale mama alipomgonga bega. Stika ya rali ni mapambo tu. Kilichokuwa kikimsukuma kwenye ule mteremko ni elfu kadhaa za jioni, na tairi jipya ni elfu kadhaa nyingine ambazo angezitoa kwenye hizohizo. De Portago alikataa tairi kwa sababu ya kombe. Huyu hakukataa; alilikosa.

Kwenye kona migomba ilikuwa imeinama, kama kawaida yake baada ya mvua. Wengi hupita. Wengine nimewaona wodini, na mama wa watu pembeni yao, na mkungu wa ndizi ukiwa umechukuliwa na wapita njia. Na wengine tumewazika, tukarudi matangani tukasema siku yake ilikuwa imefika. Mimi sisemi hivyo tena. Siku ile ilipangwa na tairi na hesabu, na vyote viwili vina mtu anayevimiliki.

Kwa hiyo neno langu la leo si kwa kijana pekee. Ninyi wenye pikipiki wa Bukoba na Muleba, na wengi wenu ni walimu, watumishi, wafanyabiashara, watu wanaosikilizwa: kabla masika hayajaanza, wekeni kwenye mkataba kipengele cha siku za mvua. Shusheni hesabu siku hizo, na tairi la nyuma liwe juu yenu, si juu yake. Viongozi wa vijiwe mna orodha za wanachama na namba za pikipiki zote; mnaweza kulidai hilo kwa pamoja kabla ya Machi kuisha.